Natafuta pikolo ya plastiki isiyo na vibonyezo, naishia kuuziwa mabomba!

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mimi ni mtoto wa Nachingwea, naishi Minnesota huku Marekani, mwaka wa tisa sasa. Kila Jumanne jioni tunakutana kupiga muziki wa Kiayalandi: fidla mbili, kodiani, gitaa, na mimi na pikolo yangu. Kwa asiyeijua, ni filimbi ndogo ya kushika ubavu, urefu wake nusu ya fluti, na sauti yake iko juu ya fluti kwa oktavu nzima. Ninayoisemea ni ile ya kizamani: matundu sita ya vidole, kibonyezo hakuna hata kimoja, imetyuniwa D. Msidhani ni kitu cha watoto. Marehemu John Doonan wa Tyneside, Uingereza, alijipatia sifa kwa kupiga pikolo, akiwapigia wachezaji wa ngoma za Kiayalandi.

Ya kwanza niliyokuwa nayo ilikuwa ya mpingo. Mpingo huuhuu wa kwetu kusini, unaochongwa vinyago, ndio unaokwenda Ulaya kukerezwa fluti na zumari. Basi Januari huku nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri, ndani hita zinaunguruma usiku kucha na hewa inakauka mpaka midomo inachanika. Asubuhi moja nafungua kasha nakuta ufa mwembamba kama unywele. Umeanzia kwenye ungio la kichwa, umekwenda moja kwa moja hadi tundu la kupulizia. Kupuliza, inatoka pumzi tu. Mti uliokua zaidi ya miaka 70 porini umekufa ndani ya droo yangu. Iliniuma kweli, nikaapa sileti tena mpingo kwenye nyumba hii.

Ndipo nikaanza kutafuta ya plastiki ngumu, hasa Delrin. Hainywi maji kama mti, haipasuki kwa ukame, na fundi anaikereza kwenye mashine ileile anayokerezea mpingo. Tena si mimi tu. Mpingo na ndugu zake wa jamii ya Dalbergia walipoingizwa kwenye masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, Januari 2, 2017, wapigaji waliokuwa wakisafiri walianza kuogopa kuvuka mipaka na ala za mti. Novemba 2019 ala zilizokamilika zilisamehewa, lakini hofu ilishaingia. Kwa hiyo wanunuzi tupo. Kazi nzuri ndiyo haipo!

Nimenunua tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kumiminwa kiwandani na imetyuniwa C, wakati tangazo lilisema D. Ya pili ilichapwa kwa mashine ya 3D, ukiishika unahisi mistari ya tabaka kwa kidole, na hewa inavuja kwenye ungio ukikaza na ukilegeza. Hizo mbili nilisamehe, zilikuwa bei rahisi.

Ya tatu ndiyo imenileta hapa. Dola 240. Tangazo linasema Delrin, kazi ya mkono, ya mpigaji makini. Imefika, inang'aa, nzito mkononi, nikafurahi. Nikapitisha ukucha kwenye ukingo wa tundu la kupulizia, ukakwama. Plastiki imeachwa na manyoya, haijasafishwa hata kwa sandipepa. Nikasafisha mwenyewe. Nikapuliza D ya chini, sawa kabisa. D ya juu yake, tyuna ya kwenye simu inasema imeshuka senti 40, karibu nusu ya nusu-sauti! G ya juu imeshuka, A imeshuka. Jumanne wenzangu wakawa wananiangalia.

Nikachonga kijiti cha mti laini mpaka kikaingia kwa kubana upande wa chini. Nikakisukuma. Kikaenda kikibana vilevile mpaka juu, na kichwani pia hivyohivyo. Yaani ndani imenyooka kama bomba la maji!

Filimbi ya namna hii ndani haitakiwi kuwa hivyo. Mwanya wa mwili, yaani uwazi mrefu wa ndani, unakuwa mpana upande wa kichwa, unapungua taratibu kuelekea chini, umbo la pia. Hicho ndicho kinachoishikilia oktavu ya juu isishuke. Theobald Boehm, fundi wa fluti wa München, Ujerumani, mwaka 1847 aliupindua mpango: mwili akaunyoosha, kichwa ndicho akakipunguza. Lakini upunguzaji lazima uwepo mahali. Nyoosha kote, oktavu zinaachana. Na kwa kifaa kifupi hivi, kosa dogo kama unene wa kucha linasikika kwa kila mtu chumbani.

Kwa nini wananyoosha? Kwa sababu kutoboa mwanya wa pia kunataka keekee maalumu ya chuma, inayochongwa kwa vipimo, na inakula siku. Keekee ya kawaida inatoboa dakika moja. Mpingo hawauharibu hivyo kwa sababu mti ni ghali. Plastiki wanaidharau, na anayeitaka wanamdharau pia.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu, nikamtumia picha za tyuna na kijiti. Akanijibu nijifunze kwanza kupuliza. Miaka kumi na minne napuliza! Nimeomba kurudisha, kasema kifaa kimeshaguswa na mdomo, hakirudishwi. Sasa filimbi ambayo haijaguswa na mdomo ningeijaribu kwa nini, kwa goti?

Sitaki vibonyezo, sitaki madini ya fedha, sitaki nakshi. Nataka Delrin iliyokerezwa na mtu anayeiheshimu kama mpingo. Mwenye kumjua fundi wa hivyo, awe Ayalandi, Uingereza, Ujerumani au hukuhuku, anitumie ujumbe. Kabla ya kulipa nitamwomba kitu kimoja, kipenyo cha mwanya wa ndani juu na chini. Akishindwa kunitajia, pesa yangu inabaki mfukoni.