Naomba ushauri: sungura wangu anakaribia kuzaa kwa mara ya kwanza
Ndugu wafugaji, naomba ushauri wenu. Siku 28 zilizopita nilimpeleka sungura wangu jike kwenye banda la dume, na kwa kuwa mimba ya sungura huchukua takriban siku 31, nimekwisha kumwekea sanduku la kuzalia lenye nyasi kavu. Tangu jana anabeba nyasi mdomoni, lakini hajaanza kujinyonyoa manyoya ya kifuani, jambo linalonitia wasiwasi sana, kwani watoto huzaliwa uchi na hupata baridi upesi. Je, nisubiri, au niandae pamba? Aidha, kwa kuwa mama hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, tena kwa dakika chache, nitatambuaje kwamba kila mtoto ameshiba? Dume nimekwisha kumtenga, maana jike anaweza kushika mimba nyingine mara tu baada ya kuzaa.