Benz ya Mjomba

Salim: Jamani oneni hii Porsche 911 Turbo S ya 2020 😍 Silinda sita, lita 3.8, farasi 650. Sifuri hadi 100 sekunde 2.7! Na kuna mtu humu bado anasifia Benz ya mwaka 1991. Simtaji 😂

Mjomba Hamisi: Nimekusoma, mpwa wangu.

Salim: Shikamoo Mjomba 🙈

Mjomba Hamisi: Marahaba. Hiyo ni 500 E. V8, lita 5, farasi 326. Kwa nje utadhani teksi, na ndio utamu wake.

Salim: Ila inafika 100 kwa sekunde sita. Mimi hapo nishashuka nakunywa chai.

Mjomba Hamisi: Kunywa. Mimi nina watu wanne na buti limejaa mizigo. Wewe umempakia nani?

Salim: Nyuma kuna viti viwili!

Zuhura: Vya mikoba. Nilishakaa huko mara moja, magoti yakagusa kidevu.

Salim: Dada, uko upande gani?

Zuhura: Wa magoti yangu.

Salim: Haya, tuje kwenye kona. Injini imelalia matairi ya nyuma, ukikanyaga halitelezi. Na hili linavuta matairi yote manne.

Mjomba Hamisi: Kwenye kona nanyoosha mikono. Langu linavuta nyuma tu, mvua ikinyesha naendesha kwa adabu. Lakini nikuulize, 500 E iliundwa wapi?

Salim: Sindelfingen, kwa Benz. Swali gani hilo?

Mjomba Hamisi: Madigadi yalitanuliwa mpaka bodi ikawa haipiti kwenye laini ya kiwanda. Kazi wakapewa jirani, Zuffenhausen.

Salim: 😶

Zuhura: Huko ni kwa nani?

Salim: Porsche.

Zuhura: 🤣🤣🤣🤣

Mjomba Hamisi: Bodi inaungwa Porsche, inarudi Benz kupakwa rangi, inakwenda tena Porsche kufungwa injini, inarudi Benz kukaguliwa. Gari moja siku 18.

Salim: Kumbe muda wote namtukana ndugu yangu.

Mama Mkubwa: Simu inalia tu tangu saa ile, kumbe magari! Jumamosi naenda kwa daktari. Hilo la chini chini siingii, goti hili likikunjwa halikunjuki.

Salim: Hilo ni picha tu, Mama 😭 Utakwenda na la Mjomba.

Mjomba Hamisi: Salim ndiye dereva. Na aje mapema aioshe.