Sarufi ina uzito gani katika matangazo ya chama cha msingi?

Mkazi wa Masasi: Ndugu zangu, nimepewa kazi ya kuandika matangazo ya chama chetu cha msingi cha wakulima wa korosho, ambayo hubandikwa ghalani na pia kutumwa katika kundi letu la WhatsApp. Wenzangu husema kwamba ujumbe ukieleweka, inatosha. Je, nihangaike na sarufi kote kuwili?

Mwalimu, Nachingwea: Ghalani, hangaika. Ukiandika "magunia ya korosho yaliyolowa hayatapokelewa", umekataa magunia. Ukiandika "magunia ya korosho zilizolowa", umekataa korosho zenyewe, na mkulima ambaye gunia lake limenyeshewa kwa nje huku korosho zikiwa kavu ana haki ya kukubishia. Kiambishi kimoja ndicho kinachoamua mzigo upimwe au urudi nyumbani.

Karani wa ghala, Newala: Kuhusu tangazo nakubaliana na Mwalimu, ila katika simu mambo ni mengine. Wengi wetu tumekulia katika Kimakonde, na Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja, tulikikuta shuleni. Mzee akiandika "korosho yangu imefika", namjibu kuhusu mzigo wake, simsahihishi mbele za watu. (Wapo wanaosahihisha, na kundi zima hunyamaza.)

Mkazi wa Masasi: Nashukuruni. Na barua ya kwenda kwa mrajisi wa vyama vya ushirika?

Mwalimu, Nachingwea: Hiyo isomwe na mtu wa pili kabla ya kupigwa muhuri.