Mjadala: Hazina igharamie uchunguzi wa molekuli isiyodumu hata sekunde?

Mwanzisha mada: Nauliza kama pesa za umma zijenge maabara Nairobi, tuseme Chiromo kwenye kampasi ya chuo kikuu, ya kupima radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, zile zenye metali na kaboni zikiwa gesi. Mimi nasema zijenge. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliutengea utafiti asilimia 2 ya pato la taifa, na hatujawahi kuifikia.

Kazi yenyewe iko hivi. Leza inapiga kipande cha kalsiamu, mvuke unakutana na methani, kisha vyote vinafyatuliwa pamoja na gesi ya agoni kuingia kwenye ombwe na kupoa hadi digrii chache tu juu ya sufuri halisi. Kalsiamu inajishika na methili, yaani methani iliyopoteza atomu moja ya hidrojeni. Molekuli hiyo ina elektroni moja isiyo na mwenzake, na kwa ajili yake mistari mingi ya spektra, yaani masafa maalumu ya mawimbi yanayoitambulisha molekuli, hutokea miwilimiwili. Upana wa mwanya kati ya pacha hao unadokeza elektroni inakaa wapi zaidi.

Mkazi wa Kayole: Mwalimu, umeeleza vizuri, lakini wanangu wanasubiriana bureti moja, mrija wa kupimia kemikali, wakifanya mazoezi ya KCSE. Hiyo elektroni ipange foleni.

Mwanzisha mada: Bureti zinunuliwe, hilo sibishi. Ila mwaka 1986 wanaastronomia walichapisha mistari ya redio kutoka IRC+10216, nyota iliyo upande wa kundi la Simba, na hakuna aliyejua ni ya nini. Jibu lilikuja 1993, watafiti wa Japani walipotengeneza MgNC, molekuli ya magnesiamu, nitrojeni na kaboni, maabarani na mistari ikalingana. Molekuli ya kwanza yenye magnesiamu kuonekana angani! Kenya ni mshirika wa mradi wa kimataifa wa darubini za redio uitwao SKA. Tutapokea mistari halafu tuombe wengine watusomee?

Mkazi wa Kayole: Uhuru ilirushwa pwani ya Malindi 1970, jina letu, setilaiti ya Wamarekani. Fahari tunayo, ujuzi ulibaki wapi?

Fundi wa maabara: Mimi faida siulizi. Nauliza pampu ya kutengeneza hilo ombwe. Stima ikikatika ghafla na vali isijifunge, mafuta ya pampu yanapanda hadi kwenye chemba, na kuisafisha si kazi ya siku moja. Nimeona mashine iliyotolewa na wafadhili imefunikwa shuka miaka kwa kukosa kipuri cha kushika mkononi. Maprofesa huandika bei ya leza, jina la fundi halimo.

Mwanzisha mada: Basi bajeti ianze na fundi na vipuri, leza ije baadaye. Hata ikichelewa.

Mkazi wa Kayole: Hapo angalau tunaongea. Bureti bado nadai.

Fundi wa maabara: Na huyo fundi ni ajira ya kudumu, au kandarasi ya miezi mitatu kama kawaida yenu?