Kisima cha nyumbani kinatoa kutu: nilipe 1,900,000 au nikiache?

Mama_Bombo
Assalam alaykum, ndugu zangu. Niko Bombo, Uganda, na jambo hili limeninyima usingizi wiki nzima.

Kisima chetu alikichimbisha marehemu baba mkwe mwaka 1998, uani nyuma ya jiko. Kinashuka mita 14, pete za zege mpaka chini, na juu ya mfuniko kuna pampu ya mkono, ile jirani zetu Waganda wanayoiita nayikondo. Mabomba ya ndani tuliyabadilisha mara moja tu, 2015.

Sasa maji yanatoka mekundu. Chai ya maziwa inageuka kijivu kikombeni, kanzu za mume wangu zimeshika rangi ya udongo, na mama mkwe hataki tena kutawadha kwa maji hayo, anasema yananuka chuma. Tena unapiga mkono wa pampu mara 15, 16, ndipo maji yachungulie.

Fundi alikuja, akaitazama pampu dakika tano, akaandika 1,900,000: mabomba, fito (vyuma virefu vinavyopita ndani ya bomba kutoka mkono wa pampu), silinda (kifaa cha chini kinachosukuma maji juu), na kusafisha kisima. Hakufungua hata nati moja. Huku nyuma namlipa kijana wa boda anayetuletea jerikeni 8 kila siku, shilingi 500 kila moja, yaani 120,000 kwa mwezi. Bomba la mjini halijafika kichochoroni kwetu. Mume wangu anasema tukifukie, tununue tangi la maji ya mvua. Mimi roho inakataa. Lakini je, nikilipa halafu yakatoka yaleyale mekundu? Hiyo ni pesa ya chama, na zamu yangu hairudi mpaka mwakani.

Fundi_Tororo
Wa alaykum salaam, mama. Usilipe bado, wala usifukie. Kwanza ujue kutu inatoka kwenye maji yenyewe au kwenye mabomba.

Kesho alfajiri, kabla mtu hajagusa pampu, kinga maji ya kwanza kwenye beseni jeupe. Endelea kupiga, jaza jerikeni moja baada ya nyingine, na kila ikijaa ukinge glasi moja uiweke kando. Yakianza mekundu yakaishia safi, kutu ni ya mabomba, kwa sababu maji yamelala humo usiku kucha. Yakibaki mekundu hadi jerikeni ya mwisho, au yakitoka safi kisha yageuke glasini baada ya saa chache, hicho chuma kiko ardhini, na bomba jipya halitakiondoa.

Hayo mapigo 15 yanaonyesha kwamba pampu ikipumzika maji yanarudi chini. Ama bomba limetoboka, ama valvu ya chini haishiki. Silinda nzima haibadilishwi kabla ya kutolewa na kutazamwa. Mara nyingi ni mipira ya ndani yake tu imelika.

Na muulize fundi wako mabomba yake ni ya nini. Yale ya chuma kilichopakwa zinki, maji yenye asidi huila zinki kwanza, kisha chuma. Wizara ya Maji na Mazingira ilisimamisha kuyafunga kwenye pampu za mkono mwaka 2016, ya kwenu yalishaingia. Dai ya plastiki ngumu au ya chuma kisichoshika kutu, na fito vilevile. Ukibadili bomba ukaacha fito za zamani, kutu itaendelea.

Mjukuu_wa_Arua
Mama, mimi nimeshtushwa na hilo neno "kusafisha". Atasafisha kwa kutumia nini? Pampu ya petroli ya kukaushia kisima ikikaa juu haivuti maji yaliyo chini ya mita 7 hivi, ndiyo maana wengine huiteremsha kisimani ikinguruma, na mtu anashuka nayo. Moshi wake una sumu isiyo na harufu. Mjomba wangu alifariki hivyo, na kijana aliyeshuka kumtoa naye hakupanda. Hata mshumaa ukiwaka humo ndani usiuamini, sumu hiyo haiuzimi. Kama maji hayana matope, nakuomba usiruhusu mtu ashuke.

Binti_Busia
Dada, mwambie shemeji apige hesabu ya tangi. Jerikeni 8 ni lita 160 kwa siku. Tangi la lita 1,000 linakauka siku ya saba, na kiangazi cha Desemba hadi Februari hakisubiri mtu. Tangi liwe la kusaidia kisima.

Mama_Bombo
Nimerudi, na Mungu awalipe. Nilitoka baada ya swala ya alfajiri na beseni la kuogeshea mtoto. Maji ya kwanza yalikuwa kama chai ya rangi, na vipande vyembamba vya kutu vikatua chini kama maganda ya kitunguu. Jerikeni ya tatu yakaanza kupauka. Ya tano, safi kabisa. Glasi niliiweka dirishani mpaka magharibi, haikugeuka. Mama mkwe aliichukua mwenyewe akainusa, akanywa.

Basi ni mabomba. Nimempigia fundi: kweli alikusudia yale ya zinki. Nimekataa, na habari ya kusafisha nimeifuta. Kwa plastiki, fito zisizoshika kutu na mipira ya silinda amekubali 1,450,000. Ni pesa za boda za mwaka mmoja tu, na mume wangu amekubali. Nimempa sharti moja: vifaa vyote vifike uani nivihesabu kwanza, ndipo afungue mfuniko. Kuna watoto wanne hapa, sitaki kisima kilale wazi hata usiku mmoja. Anakuja Jumamosi.