Ruhusa ya kuandika dawa: mtu ahame nayo, au aanze upya?

Mwanzisha mada: Wadau, mtaalamu wa miguu wa Uingereza akishafuzu kozi ya dawa huwaandikia wagonjwa mwenyewe, bila sahihi ya daktari. Sheria iliruhusu hivyo 2013. Akihamia Australia, ruhusa hiyo haimfuati tu: anasajiliwa upya, kisha anaomba idhini ya dawa kwa Bodi ya Podiatri, yaani tiba ya miguu. Anayetoka Australia kwenda Uingereza naye anakuta HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya huko, linaweka alama ya ruhusa ya dawa kwenye daftari lake kwa waliopita kozi ambazo limeziidhinisha lenyewe. Kidonda cha kisukari ni kilekile Leeds na Perth. Huu si urasimu mtupu?

Mfamasia wa Ngara: Kidonda ni kilekile, sheria siyo. Uingereza, katika dawa zinazodhibitiwa vikali, hao wataalamu wameachiwa nne tu: diazepam, lorazepam, temazepam na dihydrocodeine. Australia kila jimbo lina sheria yake ya dawa, kwa hiyo hata wa Melbourne akienda Brisbane lazima aulize kwanza. Halafu tuwe wakweli. Mgeni akitua Mathare na begi la antibiotiki, utamwacha aandike kwa sababu kwao anaruhusiwa? Sisi wenyewe tunamdai leseni.

Tabibu wa Kayole: Ndugu mfamasia, hapo sikupingi. Lakini sisi maafisa wa kliniki tumesoma diploma miaka 3, mafunzo ya kazi mwaka 1, na baraza letu liko kisheria. Leo nimebonyeza uzi wa nailoni wa gramu 10, ule wa kupima hisia, kwenye unyayo wa mama mmoja. Uzi ukapinda, yeye amefumba macho, ananiuliza, "Daktari, utaanza saa ngapi?" Chini ya kidole gumba kulikuwa na usaha. Nimeusafisha, nikamwandikia dawa, nikatia sahihi. Nikienda Uingereza, hakuna hata daftari la kada yangu. Hao wa podiatri angalau wana mlango wa kubisha.

Mwanzisha mada: Pole tabibu. Sheria za nchi mtu azifanyie mtihani, nakubali. Ninachokataa ni kumrudisha darasani, alipe karo tena, asomeshwe figo zinavyotoa dawa mwilini, jambo analolijua.

Mfamasia wa Ngara: Mtihani pekee hautoshi. Aandike kwanza chini ya msimamizi, miezi kadhaa. Kozi nzima, hapana, hapo umenishawishi. Sasa huyo msimamizi atalipwa na nani: hospitali inayomhitaji, au mgeni mwenyewe?