Naomba ushauri: uvimbe wa NF1 umerudi, daktari anataka kunipasua tena

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Morogoro. Nina neurofibromatosi aina ya kwanza (NF1), ugonjwa wa kurithi unaootesha vivimbe kwenye mishipa ya fahamu. Nilizaliwa na mabaka ya rangi ya kahawa mgongoni, bibi akasema ni alama tu za kuzaliwa. Nilipovunja ungo ndipo vivimbe vikaanza kuchipuka.

Nimeshapasuliwa mara nne. Vile vidogo vya ngozini nimevizoea, ingawa konda mmoja aliwahi kukataa kupokea nauli mkononi mwangu. Shida ni huu mkubwa wa pajani, umejisokota na neva kama mizizi ya mwembe. Mwaka 2022 walitoa nusu tu, damu ikanitoka nyingi, vidole vya mguu vikabaki na ganzi mpaka leo. Sasa umerudi na usiku silali kwa maumivu. Nimesoma kwamba uvimbe wa namna hii ukianza kuuma mfululizo au kukua ghafla uchunguzwe haraka, maana unaweza kugeuka saratani. Daktari anataka kisu, MRI (kipimo cha picha za ndani ya mwili) hajaagiza.

Nisisitize MRI na kipimo cha kinyama kwanza? Kuna aliyepata selumetinibu, ile dawa iliyoidhinishwa Marekani 2020 kwa watoto?

Halafu mwanangu wa miaka mitatu ana mabaka saba. Najua kumrithisha ni nusu kwa nusu. Ugonjwa huu unaweza kugusa macho pia, yake nianze kuyapimisha wapi? Baba yake bado sijamwambia.